Jicho Linaloparaza

Vitabu vya Kiingereza vya sekondari havikosi mtu anayetazama saa yake. Kila baada ya kurasa chache yupo bwana ameketi stesheni au bibi yuko jikoni. Anatupa jicho kwenye saa, ananyanyuka, hadithi inaendelea. Nilipokuwa nikifundisha Njinjo nilimkuta bwana huyo kidato cha pili, na kitenzi alichopewa kilikuwa “glance”. Kamusi yetu ilikuwa moja kwa darasa zima, imeshapoteza jalada na kurasa za mwisho, ila herufi G ilikuwa bado salama. Binti mmoja akasimama akasoma: kuangalia haraka. Kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

“Mwalimu, haraka ya macho au haraka ya mtu?”

Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa zuri kuliko maelezo ya kamusi. Mtu mwenye haraka anaweza kutazama kwa utulivu kabisa. Dereva wa lori anayewahi Liwale kabla ya giza husimama kando ya maji ya masika, akashuka, akayatazama sawasawa ndipo aingize matairi. Na mtu asiye na haraka yoyote, mzee aliyejinyoosha barazani kwenye kitanda cha kamba tangu asubuhi, ndiye bingwa wa kutupa jicho. Anajua nani kapita, kabeba nini, na viatu alivyovaa ni vya nani.

Njinjo iko bara ya Kilwa. Ukitoka Dar es Salaam unashuka Nangurukuru, unaiacha lami iende zake Lindi, nawe unashika barabara ya magharibi, njia ya Liwale. Minazi inapungua, miombo inaanza, na mto Matandu unakuwa jirani yako. Wenyeji wengi ni Wangindo na Wamatumbi, pamoja na wengine waliofuata mashamba ya ufuta na korosho. Ukizidi kwenda magharibi nyika inakupeleka hadi lilipokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mahali kama hapa, kati ya mto unaofurika na pori lenye tembo, jicho la haraka lina kazi nyingi kuliko kuangalia saa.

Kipindi kilichofuata nilikiacha kitabu mezani. Nikawaomba wanitajie njia zote wanazozijua za kuangalia kitu kwa kitambo kidogo. Yakamiminika. Kuchungulia. Kupiga chabo, na wavulana wakacheka, kwa sababu ni neno la chumba cha mtihani na la bafu la makuti pia. Kukata jicho, hili likatoka kwa wasichana. Mmoja akalionyesha kwa vitendo na mwenzake akanuna kwelikweli. Kukonyeza. Kupitisha macho, ambalo walisema ni la mwalimu anayesahihisha madaftari usiku wa manane. Kuangalia kwa pembe ya jicho, la mtu aliyemwona mdai wake gulioni. Kutupa jicho, au kumtupia mtu jicho.

Yalipokaa ubaoni yote pamoja likajitokeza jambo ambalo chuoni sikulisikia. Karibu kila neno lina mashtaka ndani yake. Anayechungulia kajificha nyuma ya kitu. Anayepiga chabo anaiba. Anayekata jicho ana ugomvi, anayekonyeza ana siri na mtu. Kiswahili hakiridhiki kusikia kwamba uliangalia kidogo. Kinataka kujua ulikuwa na nia gani. Neno la Kiingereza halijali nia. Linapima muda peke yake, na ukitaka kumshtaki mtu inabidi uongeze maneno mengine pembeni. Kutupa jicho ndiko kunakolikaribia, na hata hapo kuna mkono uliofichika: jicho limetupwa, na kila kilichotupwa kina aliyekitupa.

Wiki ileile kitabu kikaleta neno la pili, “glimpse”, na darasa zima likaamua kwamba ni lilelile lililokosewa herufi. Kamusi haikutusaidia sana. Aliyetusaidia ni binti anayetokea ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Alisimama akasema kwamba siku iliyopita alifuatana na bibi yake kuchimba muhogo. “Mimi sikuwa naangalia, Mwalimu. Nilikuwa nimeinama nafunga kandambili. Tembo akapita kwenye matete. Nikaona mgongo, basi.”

Nikamuuliza kama alimtazama.

“Hapana. Nilimwona.”

Hapo tulikuwa tumeshapata tulichokuwa tukikitafuta, na kilikuwa kwenye lugha yao wenyewe tangu walipoanza kusema. Kutazama ni kazi anayoifanya mtu. Kuona ni jambo linalompata. Unaweza kutazama usione kitu, na unaweza kuona bila kutazama, kama yule binti na kandambili yake. Kwa hiyo neno la kwanza ni kutazama kidogo, na la pili ni kuona kidogo. Kiingereza chenyewe kinakiri hivyo katika vitenzi kinavyoyafungia: lile la kwanza mtu hulitoa au hulitupa, la pili hulipata au hulidaka. Wakaandika sentensi zao. Bibi alitupia jicho chungu cha maharage. Kaka alimwona simba mara moja, akapotea. Hakuna aliyetumia saa.

Nje ya darasa tofauti hiyo nilikutana nayo tena ikiwa na uzito wa magunia. Tembo wakiingia shambani, serikali ina utaratibu wake: kuna kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia ya aliyeuawa, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011. Watu huyatamka maneno hayo kwa kejeli kidogo, kwa maana kitambaa ni kidogo na jasho ni jingi, lakini huyatamka, kwa sababu bila kuripoti hakuna hata hicho kitambaa. Na kuripoti kuna maswali. Ilikuwa lini, walitokea wapi, walikuwa wangapi, nani aliwaona.

Siku moja nilipita kijijini nikakuta watu wamekaa chini ya mwembe, kijana aliyelala kwenye dungu anasimulia usiku wake. Alisikia mahindi yanavunjika, akamulika tochi, akaona tembo wengi, kama saba. Karani alikuwa ameshaanza kuandika saba. Mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa mwindaji, na ambaye kwa kawaida huzungumza akitazama chini, akamkatiza.

“Mjukuu wangu, ulimulika ukatazama, au ulimulika ukakimbia?”

Watu wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka. “Babu, nilimulika nikakimbia.”

“Basi wewe umeona tembo. Idadi tutaisoma chini.”

Wakaenda kuisoma. Mzee alizunguka shamba akifuata nyayo, akapima moja kwa fimbo yake, akatenga ya mama na ya mtoto, akaonyesha mahali kundi lilipoingilia na lilipotokea. Sikumbuki walifikia idadi gani, nami nadhani haikuwa mbali na ya kijana. Ila nilivutiwa na jinsi alivyougawa ushahidi. Hakumwita kijana mwongo. Alimwachia chote ambacho kuona kidogo kunaweza kukibeba, yaani kwamba tembo walikuwepo, wakati gani, na upande gani. Alimnyang'anya kile tu ambacho kuona kidogo hakuwezi kukibeba, yaani hesabu. Nimewahi kukaa kwenye vikao vya watu wenye shahada ambavyo havikuweza kufanya mgawanyo huo.

Kuna pia macho yasiyoruhusiwa kutulia. Chuo cha ualimu kinakufundisha kwamba mwanafunzi asiyekutazama usoni ama hasikilizi ama anaficha jambo. Ukifika Njinjo unakuta mtoto anayekusalimia “Shikamoo Mwalimu” ameinamisha kichwa, macho yako kwenye vidole vya miguu yake, na mtoto huyohuyo ndiye wa kwanza darasani. Waliopita jando na unyago wamefundishwa macho yanakaa wapi mbele ya mkubwa. Kumkazia macho ni kumpinga. Kilichobaki halali ni kutupa jicho, haraka, na kuliondoa. Sasa mtu aliyekulia katika adabu hiyo hujifunza kuchuma mengi katika kitambo kidogo. Nilipoingia mlangoni walikuwa wameshajua kama siku hiyo nina hasira, kama mshahara umetoka, na kama nimeyasahihisha madaftari. Wakibanwa husema macho hayana pazia.

Jicho la namna hiyo, lililofunzwa, nililiona likifanya kazi kwenye ufuta. Zamani za kangomba mnunuzi alikuja na bakuli lake mwenyewe hadi mlangoni, na mkulima mwenye shida ya ada au ya msiba alipimiwa kwa bakuli hilo akanyamaza. Siku hizi ufuta unapitia chama cha msingi, unaingia ghalani, na unauzwa mnadani chini ya chama kikuu cha Lindi Mwambao. Ugomvi haukuisha, umehamia kwenye mizani na kwenye siku za kusubiri malipo, lakini hilo lina makala yake. Ninayemzungumzia ni mtu mmoja aliyesimama mbele ya mizani akiwa na bambo mkononi. Anachoma gunia, anachomoa, punje zinamwagika kiganjani. Anazitupia jicho, anazipuliza, anasema “mchanga” na gunia linawekwa kando, au hasemi kitu na gunia linakwenda kupimwa. Foleni ndefu inasogea.

Mkulima mmoja alilalamika kwamba gunia lake limekataliwa bila kuangaliwa. Yule bwana akamjibu kwamba ameliangalia tangu lilipoteremshwa kwenye pikipiki: lilivyotua, lilivyolia bambo ilipoingia, vumbi lililobaki kiganjani. Macho yalikuja mwisho, kuweka muhuri tu. Wakalichekecha gunia mbele ya watu, na mchanga ulikuwemo.

Ukimshikia saa, mtu wa bambo na mgeni anayeshuka kwenye basi Njinjo kwa mara ya kwanza wanatazama kwa muda uleule. Kamusi itawapa kitenzi kimoja. Lakini jicho la yule wa kwanza limekuja mwishoni mwa misimu mingi ya kutazama, na la wa pili limekuja kabla ya chochote. Hili ndilo ninaloona wanafunzi wa lugha hawaambiwi: muda wa kutazama haukwambii kitu mpaka ujue nyuma yake kuna nini.

Baadaye nilipata kamusi kubwa zaidi, ya Kiingereza kwa Kiingereza, iliyoeleza asili ya neno “glance”. Hapo mwanzo halikuhusu macho. Lilihusu silaha: pigo linalofika mshazari, likagusa na kuteleza bila kuzama. Jicho liliazima neno hilo baadaye, karne ya 16. Mpaka leo Kiingereza hulitumia kwa risasi au jiwe linalogusa ukuta na kwenda zake. Sisi kwa hilo tuna neno letu zuri, kuparaza. Risasi ikimgusa mtu begani isiingie, tunasema imemparaza. Basi jicho la haraka, kwa asili yake, ni jicho linaloparaza.

Nilipowaeleza wanafunzi hivyo, darasa lilitulia kuliko nilivyotazamia. Nilikuwa nimesahau niko wapi. Kaskazini ya Njinjo ndiyo milima ya Wamatumbi, na huko Nandete, Julai 1905, watu waling'oa pamba na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa ameshawapa watu maji, na ahadi kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro mwanzoni mwa Agosti mwaka huohuo, vita vikiwa ndiyo kwanza vinawaka. Kijana wa dawati la nyuma, yuleyule, akasema kwao wanasimuliwa hadi leo nani alirudi na nani hakurudi. Kisha akaongeza, “Zile hazikuparaza, Mwalimu.” Tukaendelea na somo.

Kati ya wote walioitupia jicho nchi hii ya Kilwa, mashuhuri kuliko wote ni msafiri Ibn Battuta. Alifika mwaka 1331 akitokea Mombasa kwa chombo, akakutana na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, na upepo ulipogeuka akasafiri kurudi Arabuni. Safari zake alizisimulia zaidi ya miaka 20 baadaye, huko Fez, na Ibn Juzayy ndiye aliyeziandika. Aliisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Lakini matini yake, kama wengi wanavyoisoma, inasema pia kwamba mji wote umejengwa kwa mbao.

Niliwapeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani wakati wa likizo wakajionee. Ni safari ndefu kwa mtoto wa Njinjo: vumbi hadi Nangurukuru, lami hadi Kilwa Masoko, kisha mashua. Wengi wao hawakuwa wamepata kuiona bahari, ingawa wilaya yao ndiyo hiyo, na ramani zote za wilaya zimepakwa buluu upande mmoja. Tuliingia Msikiti Mkuu, tukapita chini ya kuba, tukasimama kati ya nguzo. Tukaenda Husuni Kubwa, jumba juu ya jabali lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane, ambalo linahusishwa na sultani yuleyule aliyempokea mgeni wetu. Neville Chittick alifukua magofu haya miaka ya 1960, na tangu 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Binti mmoja akaweka kiganja kwenye ukuta wa matumbawe na chokaa. “Mbao gani hii, Mwalimu?”

Wataalamu wana majibu kadhaa. Wapo wanaomlaumu mnakili: kosa dogo la mwandiko wa Kiarabu na neno likageuka. Wapo wanaosema kumbukumbu ilimchezea, kwani miaka ilikuwa imepita na miji aliyoipitia ni mingi. Mimi nina jibu langu, nalo linatokana na yule mzee chini ya mwembe. Mawe ya Kilwa yalikuwa ya Mungu, ya sultani na ya matajiri wachache. Watu wengine wote walikaa kwenye nyumba za miti na udongo zilizoezekwa, kama wanavyokaa leo, na hizo ndizo zilizojaza mji. Mtu aliyeletwa kutoka bandarini, akapelekwa msikitini na kwa mkubwa, akarudi chomboni, aliziona nyingi za miti pande zote mbili za njia. Jicho lake liliuparaza mji, nalo halikusema uongo mtupu.

Tazama tena anavyosimulia jambo alilosimama kulitazama. Anaeleza jinsi fukara mmoja kutoka Yemen alivyomsimamisha sultani njiani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Jinsi sultani alivyorudi akazivua, akavaa nyingine, akampa zile. Na jinsi mwana wa sultani alivyozikomboa kwa watumwa. Hapo hakuna cha kupita haraka. Kila mtu yuko mahali pake, na bei ya kila kitu inajulikana, hata ile bei tusiyopenda kuisoma. Sultani alimtazama. Nyumba aliziona. Kosa, kama ni kosa, ni kuyatia yote mawili katika sauti moja, na wasomaji wa karne karibu saba wakayapokea kwa uzito mmoja.

Kuna jicho jingine la haraka kusini zaidi, wilaya ya Lindi, kwenye kilima cha Tendaguru. Vitabu husema kwamba mwaka 1906 Bernhard Sattler, mhandisi wa kampuni ya Kijerumani iliyotafuta madini, aliuona mfupa mkubwa ajabu umechomoza njiani. Taarifa zikafika Ujerumani. Eberhard Fraas akaja 1907, na kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yalifukua hapo chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Tani zaidi ya 200 za mifupa ya dinosaria zilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na leo kimo chake ni mita zaidi ya 13.

Sina ugomvi na jicho la Sattler. Alikuwa anatafuta kitu kingine, mfupa ukamwangukia machoni, naye hakuupita. Ila njia ile aliyokuwa akipita ilikuwa na wenyewe. Watu waliipita kwenda mashambani, na katika miaka ile, baada ya vita na njaa iliyofuata, waliipita wakiwa na mambo mazito zaidi ya kufikiri kuliko mifupa. Na uchimbaji ulipoanza, aliyesimamia wafanyakazi, mamia yao, alikuwa Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu ambaye Wajerumani wenyewe walimtegemea. Huyo ndiye aliyekesha na mifupa: kuitenga na mwamba, kuifunika isipasuke, kujua kipande hiki kinaungana na kipi. Muulize mwanafunzi yeyote wa Lindi nani aligundua dinosaria wa Tendaguru. Ukijibiwa, utatajiwa aliyetupa jicho.

Nilihamishiwa Masoko kabla ya mafuriko ya Januari 2020. Matandu hukusanya maji yake mbali huko juu, upande wa Liwale, kwa hiyo Njinjo kunaweza kuwa na jua na mto ukawa unajaa. Ndiyo sababu wazee hawauachi mto upite jioni bila kuutupia jicho: rangi, povu, na kama vijiti vinavyoelea ni vikavu au vina majani mabichi. Majani mabichi maana yake huko juu kingo zimeanza kumeguka. Mwezi ule mvua ilizidi mkoa mzima. Njinjo ikawa miongoni mwa vijiji vilivyoingiliwa na maji, na barabara ikakatika.

Nilipoweza kufika nilikwenda moja kwa moja kwa mama mwenye nyumba wangu wa zamani. Ukuta wa chumba nilichokuwa nikikaa ulikuwa umebomoka nusu, fito zinaonekana. Nusu iliyobaki ilikuwa na mstari wa tope, umenyooka kama uliopigwa kwa kamba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Pole na wewe, chumba chako ndicho hicho.”

Nikamuuliza maji yalikujaje. Akasema hakuyatazama yakija, aliyaona yakiwa yameshafika kitandani. Vitu alivyovitazama akavitaja kimoja kimoja: mjukuu, aliyempandisha mgongoni, mfuko wa mbegu za ufuta, alioutundika kwenye boriti, kuku, ambao aliwaacha, radio, ambayo mpaka leo hajui ilikwenda wapi. Alinivuta mkono hadi chini ya boriti nione ule mfuko ulivyoning'inia. Mbegu zilikuwa kavu, na alikuwa ameshaanza kuwagawia majirani kwa kikombe.

Nikamuuliza kama kuna watu waliokuja kutazama hasara.

“Wamekuja wengi. Wanasimamisha gari pale, wanashusha kioo, wananiuliza, mama, maji yalifika wapi? Nikawaambia, shukeni mjipime.”

“Wakashuka?”

“Mmoja. Kijana mrefu, ana buti. Akasimama hapo ukutani, mstari ukampita kifua, akaandika.”

“Na wengine?”

“Walipunga mkono. Na mimi nikapunga. Ningefanyaje, walikuwa wanapita.”